Somo la Vikundi: Albamu ya Picha za Kazi Yetu, na Namna ya Kuitoa kwenye Mtandao

Somo letu la safari hii ni la vitendo. Tutajifunza namna ya kutengeneza albamu ya picha kwa kompyuta na kuitoa kwenye mtandao, ili wenzetu walio mbali waone kazi yetu na hali tunayoifanyia. Mfano tutakaoutumia ni wa albamu yetu wenyewe, tuliyoitengeneza kati ya Dzaleka na Lilongwe. Tutaeleza na makosa tuliyoyafanya, kwa sababu mengine yalikaribia kumdhuru mwenzetu.

Baada ya somo hili kila kikundi kiweze kufanya mambo manne: kupiga picha kwa idhini ya wenyewe, kuandika maelezo ya kweli chini ya kila picha, kupanga picha katika programu ya usanifu, na kuitoa albamu bila kumtia mtu hatarini. Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote. Kwa hiyo tunaomba kikundi kisianze kazi kabla ya kulisoma somo hili mpaka mwisho.

1. KWA NINI ALBAMU?

Mfanyakazi hupigwa picha mara nyingi. Mwajiri humpiga kwa ajili ya kitambulisho na kwa ajili ya kalenda ya kampuni. Mgeni anayetembelea shamba humpiga akiwa ameinama na kikapu cha chai mgongoni. Picha huondoka na mpigaji, na aliyepigwa haioni tena.

Wenzetu wa Dzaleka wanalijua jambo hili vizuri. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 10,000, lakini leo ina watu zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na sokoni utasikia Kiswahili kutoka banda la kwanza mpaka la mwisho. Tangu mwaka 2014 hufanyika huko Tamasha la Tumaini, na wageni wengi huja na kamera zao. Picha nyingi wanazopiga ni nzuri. Lakini muulize mama aliyepigwa akiuza samaki: picha yako ilikwenda wapi, na chini yake waliandika nini? Hajui.

Albamu ya chama ni jambo tofauti. Sisi wenyewe ndio wapigaji, sisi ndio waandishi wa maelezo, na sisi ndio tunaoamua nini kitoke na nini kibaki. Tena albamu ina nguvu kuliko picha moja. Ukimwonyesha msimamizi picha moja ya mikono isiyo na glovu, atakujibu kwamba hiyo ilikuwa siku moja tu. Ukimwonyesha picha 24 za miezi mitatu, kila moja ina tarehe na mahali, itambidi atafute jibu jingine.

2. PICHA NI SHAHIDI

Kazi hii si mpya. Babu zetu waliiona faida yake kabla ya kuwapo intaneti.

Mwaka 1904, katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, mmisionari Mwingereza aitwaye Alice Seeley Harris alikuwa na kamera huko Baringa. Wanavijiji walikuwa wakilazimishwa kuleta mpira wa porini kwa kipimo kilichowekwa, na kijiji kilichopungukiwa kiliadhibiwa. Mwezi Mei mwaka huo mtu mmoja wa Wala, jina lake Nsala, alifika misheni amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Harris alimpiga picha Nsala ameketi, anavitazama viungo vya mwanawe.

Picha hiyo na nyingine za namna hiyo zilihamishiwa kwenye vioo na kuonyeshwa ukutani kwa taa, katika kumbi na makanisa ya Uingereza na Marekani. Msemaji alisimama kando akieleza: huyu ni fulani, wa kijiji fulani, jambo hili lilitokea siku fulani. Hiyo ndiyo ilikuwa albamu ya zama zile. Pamoja na taarifa za maandishi, picha hizo ziliwafanya watu wengi wapige kelele, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Dhuluma haikuisha siku hiyo, lakini uongo kwamba hakuna dhuluma ulikwisha.

Mwaka huo huo wa 1908, Kamati ya Taifa ya Kazi ya Watoto nchini Marekani ilimchukua mwalimu mmoja, Lewis Hine, azunguke nchi akipiga picha za watoto walioajiriwa. Aliingia katika viwanda vya nguo, migodi na mashamba. Hakupiga picha tu. Aliandika jina la mtoto, umri, kazi na mahali. Kwa kuwa alijua vifungo vya kizibao chake viko urefu gani kutoka chini, alivitumia kupima kimo cha mtoto bila msimamizi kutambua. Ilichukua miaka mingi, lakini mwaka 1938 Marekani ilitunga sheria ya taifa iliyozuia kazi ya watoto viwandani.

Tunajifunza nini? Nguvu ya picha iko katika maelezo yake. Picha isiyo na jina, mahali wala tarehe ni pambo. Yenye hayo ni ushahidi.

Lakini hapo hapo tujiulize: je, kumtaja mtu jina na mahali humfaa kila mtu? Nsala alibeba ushahidi wake mwenyewe mpaka misheni. Kwa mtu mwingine jina na mahali huweza kuwa kamba ya kumfungia. Sisi tulijifunza hilo Area 18.

3. KIJANA WA AREA 18

Mji wa Lilongwe umegawanywa katika maeneo yenye namba. Area 18 ni mtaa wa makazi, na alfajiri wafanyakazi huondoka huko kwenda Kanengo, kwenye viwanda na mnada wa tumbaku, wengine kwa minibasi, wengine kwa baiskeli. Jioni moja tulikwenda kumpiga picha mwenzetu mmoja akitoka kazini. Jina lake hatulitaji, wala kiwanda, wala nyumba. Aliketi mlangoni mwa chumba alichopanga, ovaroli bado mwilini, kibati cha chakula juu ya magoti. Nyuma yake lilikuwapo geti lenye namba. Tulipomwomba ruhusa alicheka akasema, "Pigeni tu, ndugu zangu." Jua la jioni lilimpata usoni, na picha ikawa bora kuliko zote tulizokuwa nazo. Tukaiweka ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kuitoa albamu tuliipeleka Dzaleka, kuwaonyesha waliopigwa picha na jamaa zao. Tuliweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, katika kibanda cha mama mmoja mshonaji. Kurasa zikapita, watu wakafurahi. Ilipofika picha ya yule kijana, mama, ambaye ni mama yake mdogo, alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Wanangu," akauliza, "hii ataiona nani?"

Tukamjibu kwa fahari, "Kila mtu, mama. Dunia nzima."

Akasema, "Basi na anayemtafuta ataiona."

Tukanyamaza. Kwa wale wasiojua, tueleze. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini iliweka mipaka yake, hasa juu ya haki ya kufanya kazi na ya kwenda popote. Kwa utaratibu huo mkimbizi alitakiwa akae kambini. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia mwezi wa Mei mwaka huo polisi na askari waliwakamata watu majumbani na madukani mwao, watoto pamoja nao. Sisi tulikuwa tumeuweka uso wa mwenzetu na namba ya geti lake katika picha moja. Tulikuwa tumemwandikia anwani.

Tukasema, basi tutaficha uso. Katika programu ya kupangia kurasa tukachora kisanduku cheusi juu ya uso na kingine juu ya namba ya geti. Tukatoa faili upya, tukaona tumemaliza. Kijana mmoja aliyejifunza kompyuta pale pale kambini akaomba aliangalie. Kwa dakika chache aliitoa picha ndani ya faili, nzima, bila visanduku. Uso ule ule, geti lile lile. Kumbe tulikuwa tumeweka karatasi juu ya picha tu, na chini ya karatasi picha ilikuwa salama kabisa.

Kisha akatuonyesha jambo la pili. Katika picha ya asili, simu yetu ilikuwa imeandika kimya kimya mahali tulipokuwa tumesimama, kwa namba za ramani. Hata kama geti lisingeonekana, namba hizo zingemfikisha mtu mlangoni.

Tuliiondoa picha. Tukarudi Area 18, tukamweleza kijana mambo yote, na safari hii yeye ndiye aliyeamua. Alisema hataki kutoka katika albamu, kwa sababu kazi ameifanya na ana haki ya kuonekana ameifanya. Akakishika kibati chake kwa mikono miwili mbele ya ukuta mtupu, tukapiga mikono peke yake. Picha hiyo ndiyo iliyobaki ukurasa wa kwanza. Nayo ilibadili albamu nzima, ikawa albamu ya mikono: mikono ya mchuma tumbaku yenye utomvu mweusi, mikono ya mshonaji yenye alama za sindano, mikono ya mfunga mizigo.

Kosa letu la kwanza halikuwa la kompyuta. Aliposema "Pigeni tu", aliruhusu kupigwa picha. Hakuruhusu kutangazwa. Sisi tulizichukua ruhusa mbili kana kwamba ni moja.

4. VIFAA

Hakuna haja ya vifaa vya gharama. Kikundi kinahitaji:

(a) Simu moja yenye kamera nzuri kiasi.
(b) Kompyuta moja, hata ya zamani, ya kuazima ofisini kwa chama au shuleni.
(c) Programu mbili zisizouzwa. Ya kwanza ni GIMP, ya kurekebisha picha. Ya pili ni Scribus, ya kupangia kurasa. Zikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti, na hilo ni jambo kubwa kwetu, maana bando ni ghali. Kikundi chenye mtandao wa kutosha kinaweza kutumia Canva, ambayo hufanya kazi mtandaoni na ina sehemu isiyolipiwa. Hatua zitakuwa zile zile.
(d) Daftari na kalamu. Msidharau daftari. Umeme ukikatika, daftari halizimiki.

5. HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: Shabaha. Kikundi kikae na kuandika sentensi moja: albamu hii inataka kusema nini, na kwa nani? "Maisha ya wafanyakazi" si shabaha, ni bahari. "Wachumaji wa tumbaku wanahitaji glovu msimu wa mvua" ni shabaha. Picha yoyote isiyosaidia sentensi hiyo, hata iwe nzuri, isiingie.

Hatua ya pili: Ruhusa. Mwulize kila mtu maswali matatu, kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Chichewa, Kirundi au nyingine:
- Je, unakubali kupigwa picha?
- Je, uso wako na jina lako vionekane, au kazi yako tu?
- Je, picha iende kwa nani: kwa wanachama, au kwa dunia nzima?
Andika majibu katika daftari. Mweleze kwamba anaweza kubadili nia mpaka siku ya kutoa albamu. Mtoto asipigwe bila mzazi kujua, na asitajwe jina. Malawi ilitunga Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi mwaka 2024, lakini hata pasipo na sheria, huu ndio uungwana.

Tuseme na juu ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 haikubali mtu afukuzwe kazi kwa sababu tu ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Lakini kuvunja kanuni ya kiwanda inayokataza kupiga picha ni jambo jingine, na mwajiri asiyekupenda ataishika hiyo. Ombeni ruhusa kupitia katibu wa tawi. Wakikataa, pigeni nje ya geti, njiani, au nyumbani. Mikono iliyochubuka inaonekana vizuri hata nyumbani.

Hatua ya tatu: Kupiga. Kwanza, ingia katika mipangilio ya kamera ya simu na uzime sehemu inayoandika mahali. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Piga asubuhi au jioni, maana jua la saa sita hutia vivuli vyeusi machoni. Mwanga uwe nyuma ya mpigaji. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, sogea karibu kwa miguu, usivute kwa vidole, kwa sababu picha iliyovutwa hupoteza ubora. Kila tukio lipigwe mara tatu: kwa mbali, tuone mahali, kwa wastani, tuone kazi, kwa karibu, tuone mikono au kifaa. Kabla ya kubonyeza, tazama kilicho nyuma: namba ya nyumba, kibao cha njia, sare yenye jina, mtu mwingine anayepita.

Hatua ya nne: Maelezo. Yaandike siku ile ile. Linganisha maelezo haya mawili ya picha moja.

La kwanza: "Maisha magumu shambani."

La pili: "Mfanyakazi akichuma majani ya tumbaku yenye umande, bila glovu. Wilaya ya Dowa, Februari, saa 12 asubuhi. Nikotini ya majani mabichi hupenya kwenye ngozi iliyolowa na kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika."

La kwanza linamwomba msomaji atuhurumie. La pili linampa jambo la kujibu. Angalieni pia kwamba la pili halimtaji mtu wala shamba, na bado ni ushahidi. Usiandike ambalo hukuliona au hukuhakikishiwa. Neno moja la uongo likigunduliwa, picha zote 24 zitaitwa za uongo.

Hatua ya tano: Kuchagua na kusafisha. Katika picha 100 chagueni 24 au pungufu. Wachague watu watatu pamoja, asichague mpigaji peke yake, maana kila mzazi humwona mwanawe mzuri. Picha za asili ziwekeni mahali pake na msiziguse. Fanyeni kazi kwenye nakala.

Fungua nakala katika GIMP. Kata kingo zisizohitajika. Kama kuna uso au namba ya kuficha, paka rangi nzito juu yake ndani ya picha yenyewe. Usitumie ukungu mwepesi, maana unaweza kuacha alama za kumtambua mtu. Kisha punguza ukubwa mpaka upande mrefu uwe pikseli 1,200. Hesabu yake ni hii: picha ya simu huwa na megabaiti 4 hivi, na picha 24 ni megabaiti 96. Ikipunguzwa hubaki kama kilobaiti 250, na zote 24 ni megabaiti 6 tu. Mwenye bando dogo ataweza kuifungua.

Unapoihifadhi kama JPEG, weka ubora 80. Katika dirisha hilo hilo kuna visanduku vya taarifa za ziada, kimojawapo kinaitwa Exif. Humo ndimo mnamokaa tarehe, aina ya simu na namba za mahali. Kingine huhifadhi picha ndogo ya mfano, ambayo wakati mwingine huwa bado inaonyesha picha kabla haijakatwa. Ondoa alama katika visanduku hivyo vyote. Mwisho, yape mafaili majina ya namba: 01, 02, 03. Usiyape majina ya watu wala ya mitaa.

Hatua ya sita: Kupanga. Fungua Scribus na uanzishe waraka mpya. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi watatumia simu, ukurasa uwe mwembamba kama simu yenyewe: upana sentimita 9, urefu sentimita 16. Kila ukurasa uwe na fremu moja ya picha juu na fremu moja ya maandishi chini. Herufi ziwe nene za kusomeka, ukubwa 11 au 12. Rangi mbili zinatosha. Msitie maua wala vivuli, kwa sababu msomaji amekuja kuona kazi.

Pangeni kurasa kama hotuba. Kwanza salamu: ni mahali gani, ni akina nani. Kisha hoja, moja baada ya nyingine. Mwisho dai: tunataka nini, kutoka kwa nani. Ukurasa wa mwisho uwe na jina la tawi na namna ya kulipata, wala si namba ya simu ya mtu binafsi. Kisha toa waraka kama faili la PDF.

Kumbukeni kosa letu: kisanduku mtakachochora katika Scribus hakifichi kitu. Na picha iliyokatwa kwa kubana fremu inaweza kuwa bado iko nzima ndani ya faili. Kuficha na kukata kufanywe katika GIMP, kabla ya kuingiza picha ukurasani.

Hatua ya saba: Ukaguzi na kutoa. Iwekeni albamu mbele ya waliopigwa picha, ukurasa kwa ukurasa. Asiyejua kusoma asomewe maelezo. Kila mmoja aseme ndiyo au hapana, na hapana ya mmoja inatosha kuiondoa picha yake. Halafu mpeni faili mtu mwenye ujuzi na mwambieni: "Jaribu kutafuta tulichokificha." Asipokipata, endeleeni.

Kuna milango mitatu ya kutolea. Mlango wa kwanza ni kutuma faili kwa wanachama, kwa mfano kwa WhatsApp. Mlango wa pili ni kuiweka mtandaoni kwa kiungo wanachopewa watu maalumu, lakini jueni kwamba anayepewa kiungo anaweza kumpa mwingine. Mlango wa tatu ni ukurasa ulio wazi kwa kila mtu. Chagueni mlango unaolingana na ruhusa mlizoandika katika daftari. Kama hata mtu mmoja aliruhusu wanachama tu, ama picha yake isiingie katika mlango wa tatu, ama albamu nzima ipite mlango wa kwanza.

Msidhani kwamba mtaweza kuifuta baadaye. Mnaweza kufuta ukurasa wenu, lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

6. BAADA YA KUTOA

Wekeni picha za asili na daftari mahali pawili tofauti, kompyuta au flashi ikiharibika msipoteze ushahidi. Daftari lenye majina lisikae pamoja na albamu, na lishikwe na mtu mmoja au wawili mnaowaamini. Andikeni majibu yaliyoletwa na albamu: nani aliisoma, nani aliahidi nini, tarehe gani. Albamu isiyofuatwa na barua wala mkutano hubaki kuwa picha tu.

7. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika sehemu yenu ya kazi, ni jambo gani moja ambalo picha ingelithibitisha kuliko maneno?
2. Ni nani kati yenu anayeweza kudhurika uso wake ukionekana? Kwa nini? Je, amewahi kuulizwa?
3. Nsala alijulikana kwa jina lake. Kijana wa Area 18 alijulikana kwa mikono yake. Elezeni tofauti ya hali zao, na kwa nini kila namna ilifaa mahali pake.
4. Chukueni picha moja iliyomo katika simu ya mwanakikundi. Iandikieni maelezo ya sentensi tatu: nani au nini, wapi na lini, na kwa nini ni muhimu. Kisha ulizeni: je, kuna neno la kuondoa kwa ajili ya usalama wa mtu?
5. Mwanachama amekubali leo, kesho amekataa, na albamu bado haijatoka. Kikundi kifanye nini? Na kama imekwisha kutoka?

KAZI YA VITENDO

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kitengeneze albamu ndogo ya picha 6 juu ya jambo moja tu: maji ya kunywa kazini, vyoo, glovu na viatu, njia ya kwenda kazini, au jingine mtakalolichagua. Msiitoe kwanza. Ileteni tawini tuikague pamoja.

Ndugu wafanyakazi, yule mama wa Dzaleka hajui GIMP wala Scribus. Aliuliza swali moja, nalo likamwokoa mtoto wa dada yake: ataiona nani? Tunashauri kila kikundi kiliandike swali hilo kwenye jalada la daftari lake, na kiliulize kabla ya kila picha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Albamu nzuri haitengenezwi na mpiga picha peke yake. Hutengenezwa na aliyepiga, aliyeandika, aliyekagua, na zaidi ya wote, aliyekubali kuonekana.